Kifurushi Kisichosema

Sarafu za zamani siku hizi zinasafiri kuliko zilivyosafiri zilipokuwa fedha. Rupia iliyolala mkebeni Lushoto tangu enzi za Mjerumani inapigwa picha kwa simu asubuhi, adhuhuri imepata mnunuzi Mwanza, na kabla ya magharibi mtu wa Muscat anauliza kama bado ipo. Picha inafika papo hapo na malipo yanaingia kwenye simu. Kazi inabaki kwa sarafu yenyewe, ambayo haina namna nyingine ya kufika ila kufungwa, kubebwa na kupita mikononi mwa watu wasioijua thamani yake, au wanaoijua kupita kiasi.

Binti wa dada yangu ameingia kwenye biashara hii, na hivi karibuni alinipigia. "Shikamoo mjomba. Nina paisa za Sayyid Barghash, mteja yuko Oman. Nizifunge vipi zisiharibike, na nauli isipite bei ya sarafu zenyewe?" Nilimpa majibu ya haraka, lakini swali lenyewe halikuniacha. Nimekusanya sarafu tangu ujana. Nimetuma na kupokea nyingi kwa posta, kwa mabasi na kwa mikono ya wasafiri, na sijaona uhusiano wowote kati ya ukubwa wa boksi na usalama wa kilichomo. Nimeona uhusiano mwingine, na ndio ninaotaka kuueleza.

Nimekulia Tanga, katika nyumba ambayo bibi alikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa fedha zisizonunua kitu. Heller zenye tundu, visarafu vidogo vya enzi hiyo ya Mjerumani, alizitunga kwenye uzi wa katani. Zile pana za heller 5, za mwaka 1908 na 1909, zilikuwa shaba nzito yenye upana wa milimita 37, na sisi wajukuu tulizitumia kwa mchezo wa kulenga shimo uani. Rupia za fedha hatukuruhusiwa kuzigusa. Zilikuwa na sura ya Kaiser Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na kila moja ilikuwa na gramu 11 na nukta kadhaa. Mkebe ukitikiswa ulilia, na mlio ule tuliupenda.

Siku moja alikuja nyumbani mgeni wa baba, mtu wa bandarini aliyezijua sarafu. Bibi akamfungulia. Akaichukua rupia moja kwa kingo zake, vidole viwili tu, akaielekeza dirishani na kuigeuza polepole. Kwenye shavu la Kaiser kulikuwa na vijikovu vidogo vingi, vifupi, vya kila upande. Akasema rupia ile haikuwahi kuzunguka sana sokoni, maana manyoya ya tai bado yalihesabika, lakini ilikuwa imepigwa na wenzake mle mkebeni miaka yote. Alisema uchakavu wa mikono ya watu mkusanyaji huusamehe, kwa kuwa ndiyo historia ya fedha. Vijikovu vya mkebe havisamehewi, vinashusha bei tu.

Somo hilo la kwanza nimelibeba hadi leo: adui wa kwanza wa sarafu ni sarafu nyingine. Mtu anayetuma paisa kumi ndani ya mfuko mmoja, hata akiuzungushia mablanketi, amezituma zikapigane. Kila sarafu ikae peke yake, na kabla ya kuuliza boksi la kununua, uliza kila moja itavaa nini.

Miaka ya 1980, nikiwa mwalimu kijana, nilipata rafiki wa kalamu Ujerumani. Yeye alitaka sarafu za koloni lao la zamani, mimi nilitaka reale ya Maria Theresa, ile ya fedha ya gramu 28 ambayo huandikwa mwaka 1780 hata ikipigwa karne nzima baadaye, na ambayo ilitumika pwani yetu na Uarabuni kabla ya hizi rupia na shilingi. Aliipata, akanitumia. Bahasha ilifika kwenye sanduku la posta la shule, nyepesi mno. Ndani kulikuwa na barua inayonisimulia kwa furaha habari za sarafu ambayo haimo. Kwenye pembe ya bahasha palikuwa na mpasuko ulionyooka, kama urefu wa kidole gumba, na karatasi ilikuwa imefumukia nje.

Walimu wenzangu waliapa kwamba imeibwa. Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja jirani yetu, karani mstaafu wa dirisha la rejista. Aliipokea bahasha, akapitisha ukucha kwenye mpasuko na kuniuliza, "Mwalimu, mwizi hupasua kutoka wapi?" Mwizi hupasua kutoka nje. Hii ilipasuliwa kutoka ndani. Akanieleza kwamba katika nchi zenye barua nyingi, bahasha hupangwa kwa mashine, zikipita kwa kasi kati ya mikanda na magurudumu. Kwenye kila gurudumu bahasha inapinda na sarafu haipindi. Ikiwa imeachwa huru ndani ya karatasi iliyokunjwa, inateleza hadi pembeni, na gurudumu linalofuata linaitema. Huenda reale yangu ilibaki chini ya mashine fulani Ulaya bila mtu yeyote kuitamani.

Hasara ile ilikuwa ya rafiki yangu, na mimi ndiye niliyepata mwalimu. Mzee alikubali kunifundisha kufunga, kwa sharti kwamba nije na vifaa vyangu. Nilikuja na utepe wa gundi na pamba. Pamba akaiweka kando bila maneno. Akatafuta boksi tupu la sabuni, akakata vipande viwili vya kadibodi ukubwa wa kadi ya posta. Akanionyesha vijifereji vilivyo ndani ya kadibodi: kipande kimoja alikikata vijifereji vikienda kwa urefu, cha pili vikienda kwa upana, ili vikiwekwa pamoja visikubali kukunjwa upande wowote.

Sarafu ilikuwa tayari kwenye kile kikadi cha mraba chenye dirisha la plastiki kavu pande zote mbili, ambacho hukunjwa na kubanwa kwa pini za stepla. Kabla hajaendelea alichukua koleo akazibana pini moja moja mpaka zikalala kabisa. Mguu wa pini uliosimama, alisema, ndio unaokwaruza sarafu ya jirani. Akakibandika kikadi katikati ya kadibodi ya kwanza kwa utepe pande zote nne, utepe ukishika kadi na kamwe usiguse dirisha. Akafunika kwa kipande cha pili, akazungusha utepe kwenye kingo. Halafu akakiweka kifurushi sikioni na kukitikisa, kama mtu anayesikiliza saa iliyosimama.

"Inasema?" akaniuliza, akinisogezea.

Sikusikia kitu.

"Basi itafika. Kifurushi kinachosema kinajitangaza. Kila mkono utakaokishika utajua kuna nini, na mmoja kati ya hiyo utakuwa na shida zake."

Nilipomuuliza kuhusu rejista, akaanza kuzungumza kwa fahari ya kazi yake. Zamani, alisema, barua ya rejista ilichorwa mistari miwili ya bluu iliyopishana mbele na nyuma, na yenye thamani ilifungwa kwa lakiri. Lakiri nyekundu iliyeyushwa juu ya kiungo cha karatasi na kupigwa muhuri ingali ya moto. Kwenye vifurushi vingine walitumia utepe wa karatasi wenye gundi ya kulowanisha, na muhuri wa tarehe ulipigwa juu ya kiungo, nusu ya duara kwenye utepe na nusu kwenye karatasi ya kaki. Utepe wa plastiki hawakuupenda, kwa sababu wino hauushiki na mtu anaweza kuubandua na kuurudisha. Anayefungua kifurushi cha karatasi na kukifunga upya hawezi kuzikutanisha tena nusu mbili za duara.

Hata hivyo, alisema, lakiri na mihuri ni ushahidi tu. Ulinzi wenyewe ni daftari. Barua ya kawaida huhesabiwa kwa uzito wa gunia, na ya rejista huhesabiwa kwa namba yake. Anayeipokea anaandikiwa, anayeikabidhi anaandikiwa, na ikipotea inajulikana ilipotea kati ya saini gani na saini gani. "Watu wanadhani wanalipia haraka," akaniambia. "Hulipii haraka, mwalimu. Unalipia majina."

Sijapata kusikia ufafanuzi bora wa gharama ya posta. Miaka mingi baadaye nilisoma jinsi sonara Harry Winston wa New York alivyoipeleka almasi ya Hope kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington, mwezi Novemba 1958. Hakukodi gari la kivita. Aliifunga kwa karatasi ya kaki na kuituma kwa posta ya rejista. Alilipa dola 145.29, na katika hizo gharama ya kusafirisha ilikuwa dola 2.44 tu. Nyingine zote zilikuwa bima ya dola milioni 1. Sonara aliyeweza kununua boksi la dhahabu alinunua karatasi ya kawaida, na fedha zake akazipeleka kwenye majina na kwenye ahadi ya fidia. Mzee wetu wa Tanga angemwelewa mara moja.

Miaka ya 1990 nilihamia Dar es Salaam, na huko nikajifunza kwamba sarafu inaweza kufika bila kupotea na bila kukwaruzwa, lakini ikawa imeugua njiani. Mwenzangu mmoja wa Unguja alinitumia paisa za shaba za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, zile zenye mizani upande mmoja na jina la Sultani Barghash bin Said upande wa pili. Alizifunga kwa upendo. Kila moja aliiweka kwenye mfuko wake wa plastiki laini, ule unaonukia kama mpira mpya, akapanga mifuko kwenye kadi na kuituma kwa rejista. Mimi nilikuwa bara kwa kazi, na kifurushi kikasubiri posta katika joto la kuanzia Desemba hadi mvua za masika.

Nilipokifungua, paisa zilikuwa na utando wa kijani, unaonata, uliofuata hasa sehemu zilizogusana na plastiki. Plastiki ile ni PVC. Ikipata joto na muda huachia asidi kidogo kidogo, na yale mafuta yanayoilainisha hutoka na kutanda juu ya metali. Shaba ndiyo inayoumia zaidi, fedha nayo haisalimiki. Utando ukiwa mchanga, asetoni halisi huuondoa kwa kulowekwa bila kusugua. Asetoni halisi si dawa ya kufutia rangi ya kucha, kwa kuwa ile ina mafuta na manukato. Ukichelewa, asidi imeshakula uso, na hakuna dawa inayorudisha shaba iliyoliwa.

Tangu hapo nimekuwa nikipima plastiki kwa pua na vidole. Laini, yenye harufu, inayonyooka kama ngozi: hapana. Kavu, isiyo na harufu, inayotoa sauti ya kukakamaa ikikunjwa: hiyo mara nyingi ni polista, aina ambayo wakusanyaji huiita Mylar, na haina ugomvi na sarafu. Nimejihadhari pia na vitu viwili ambavyo kila nyumba inavyo. Rababendi zina salfa, na salfa huifanya fedha kuwa nyeusi. Nimeona rupia yenye mstari mweusi katikati, upana ule ule wa rababendi iliyoifunga. Gazeti nalo si vazi la sarafu, hata kwa safari fupi. Na wale wanaosugua sarafu kwa ndimu, majivu au dawa ya meno ili ing'ae kabla ya kuituma, wanamtumia mnunuzi bidhaa nyingine tofauti na aliyoilipia. Kwa unyevu wa pwani nimeona kimoja kinachosaidia na hakigharimu kitu: vile vipakiti vidogo vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Usivitupe.

Kisha yakaja mabasi. Kwa muda mrefu hapa nchini parseli ya haraka imekuwa ile unayoikabidhi ofisi ya basi jioni na kuichukua stendi kesho yake. Mfanyabiashara mmoja wa Mwanza, mtu makini, alituma kwa basi rupia kadhaa na sarafu za heller 20 za Tabora, zile zilizopigwa kwenye karakana ya reli mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walipokuwa wamekatiwa njia ya kuleta fedha kutoka kwao. Alinunua boksi gumu, akalijaza vipande vya sponji, akalifunga kwa utepe mpana mara nyingi. Juu yake, kwa kalamu nene, akaandika: SARAFU ZA KALE, SHIKA KWA UANGALIFU. Boksi lilifika Dar es Salaam na uzito ule ule ulioandikwa kwenye risiti. Ndani mlikuwa na nati na boliti. Nyuma ya risiti, kwa maandishi ambayo ilibidi tuyasomee juani, kulikuwa na sharti kwamba kampuni haiwajibiki kwa fedha wala vito ambavyo havikutajwa na kuthaminiwa wakati wa kukabidhi.

Aliandika ukweli mahali pasipouhitaji, juu ya boksi, na hakuuandika mahali palipouhitaji, kwenye risiti. Mama mmoja wa Tabora niliyenunua kwake baadaye alifanya kinyume chake. Kifurushi chake kilikuwa kidogo, cha kaki, kimeandikwa majina mawili na namba mbili za simu, basi. Lakini alipokikabidhi alimwambia karani kilichomo, akataka thamani iandikwe kwenye risiti, akaipiga risiti picha na kunitumia. Alichagua basi linalofika mchana, akanitaka niwe dirishani likiingia. Nilipochukua kifurushi nilikitikisa sikioni, kwa mazoea. Hakikusema.

Nimejifunza kwake tofauti ambayo wengi huichanganya. Kunyamaza nje ya kifurushi ni hekima. Kunyamaza mbele ya karani anayeuliza, au kumwambia ni vipuri, ni uongo unaomlinda mwizi, kwa sababu siku ya kudai huwezi kudai kitu ambacho hukuwahi kutuma. Nje kimya, kwenye karatasi za mapokezi wazi.

Kwa safari za nje ya nchi, kanuni hiyo inakazwa na sheria. Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani, chombo kilichoundwa Bern mwaka 1874, unakataza kutia sarafu, noti na madini ya thamani kwenye barua za kawaida. Zinaweza kwenda kwa rejista ndani ya bahasha iliyofungwa, au kwa bima, pale ambapo sheria za nchi itokayo na nchi iendayo zinaruhusu. Kwa hiyo kabla ya kukata kadibodi, mtu aulize dirishani kuhusu nchi zote mbili. Kampuni nyingi za kusafirisha kwa haraka nazo huweka fedha na vito kwenye orodha ya wanavyovikataa, au huvipokea bila kuahidi fidia. Tarumbeta la matangazo yao halisomi orodha hiyo. Lazima uisome mwenyewe.

Halafu ipo fomu ya forodha, CN22 kwa vitu vya thamani ndogo na CN23 kwa vya thamani kubwa. Fomu hubandikwa nje, na lazima iseme kweli. Hapa ukimya na ukweli hugongana, na nimeona watu wazima wakiandika "zawadi" au "vifungo vya nguo" ili wasiandike "sarafu". Mmoja wao kifurushi chake kilifunguliwa forodhani nchi ya ugenini, kikazuiwa, na barua zote alizoandika kulalamika zilijibiwa kwa nakala ya maneno yake mwenyewe. Msimamo wangu ni huu: kama unaogopa kuandika "sarafu" kwenye fomu, basi njia uliyoichagua haiitoshi sarafu hiyo. Panda daraja hadi kwenye bima, au subiri msafiri unayemwamini aibebe na kuitangaza mpakani.

Na zipo sarafu ambazo hazitakiwi kusafiri kabisa. Kijana mmoja wa pwani ya kusini aliwahi kuniletea visarafu vidogo vya shaba alivyookota ufukweni baada ya mvua, vimeliwa na chumvi, maandishi ya Kiarabu yakionekana kwa shida. Vilifanana na vya masultani wa Kilwa. Tayari alikuwa na mtu Ulaya anayevitaka, na alichotaka kwangu ni namna ya kuvifunga. Nilimwambia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Nikamsimulia pia habari ya mwanajeshi wa Australia ambaye mwaka 1944 aliokota sarafu za Kilwa kisiwani Marchinbar, kaskazini mwa nchi yao, akazihifadhi hadi mwaka 1979 alipozipeleka kutambuliwa. Mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje kule. Sarafu kama hizo thamani yake ni mahali zilipookotwa. Ukizitia kwenye bahasha kwenda kwa mtu, umetuma shaba, na habari yote umeiacha ufukweni. Alivipeleka Idara ya Mambo ya Kale, kwa shingo upande, nakiri, lakini alivipeleka.

Sasa nirudi kwenye hesabu, maana binti aliuliza juu ya gharama na ana haki ya jibu. Ada za posta hupanda kwa uzito, kwa hiyo boksi kubwa linakula fedha mara mbili: kulinunua na kulisafirisha. Paisa moja haifikii gramu 7. Ukiivalisha kikadi chake, kadibodi mbili na bahasha, mzigo wote bado ni mwepesi kuliko boksi tupu la viatu. Kilichookolewa hapo kinatosha kuchangia rejista. Ndio maana sarafu za bei ya chini, kama senti 10 zenye tundu za Afrika Mashariki, hazifai kutumwa moja moja: mwombe mteja asubiri hadi oda yake ijae, au ajiunge na mwenzake wa mji huo huo, ili majina yale yale yalinde sarafu kumi badala ya moja. Kwa upande wa pili, mwenye rupia 15 ya dhahabu ya Tabora, yenye tembo mbele ya mlima, asithubutu kubana matumizi kwenye bima. Hiyo hata mimi ningeipeleka kwa mkono.

Kabla ya kufunga, piga picha pande zote mbili, na pima uzito kwa mizani ndogo ya sonara. Uzito ni shahidi mzuri dhidi ya anayebadilisha halisi kwa bandia. Namba ya rejista, herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi, mtumie mpokeaji siku ile ile, na umkumbushe kwamba huku kwetu kikaratasi cha kuitwa dirishani kinaweza kulala kwenye sanduku la posta kama hakuna anayekwenda kufungua. Namba ya simu kwenye bahasha imeokoa vifurushi vingi kuliko lakiri.

Ukiyajumlisha yote, fedha ya kutuma sarafu ina kazi tatu tu za halali: kuifanya isicheze, kuifanya isiseme, na kuiandikia majina ya kila anayeishika. Mbili za kwanza zinapatikana kwa kadibodi ya bure na mkono mtulivu. Ya tatu hununuliwa, na hapo usibane. Vingine vyote, sponji, maboksi yenye kung'aa, utepe wa mzunguko wa kumi, humfariji anayetuma.

Nimemwongezea binti jambo moja ambalo hata mzee wa rejista hakunifundisha. Nimewahi kushuhudia rupia iliyovuka bahari salama ikikwaruzwa mezani kwa mpokeaji, kwa kisu, kwa sababu aliyeifunga aliifunga kama asiyetaka ifunguliwe. Mwisho wa kila utepe ukunje kidogo, gundi ishikane na gundi, ili uwe na sikio la kuvutia. Andika ndani, juu ya kadibodi: vuta hapa, usitumie kisu. Safari ya sarafu haiishii kwenye saini ya mwisho ya daftari. Inaishia pale mpokeaji anapoishika kwa kingo zake, na hadi hapo bado iko chini ya ulinzi wa aliyeifunga.